Chupa yenye plasta: saa 156 za mgonjwa wa figo akiwa nyumbani

Na Ofisa Ustawi wa Jamii, Kitengo cha Kusafisha Damu

Tangu Siku ya Figo Duniani, ambayo huadhimishwa Alhamisi ya pili ya Machi, sanduku letu la maoni limejaa. Tulitegemea malalamiko ya mashine, foleni na dawa. Yapo machache. Mengi ni ya ndugu kwa ndugu. Mke anaandika kwamba mawifi wanamwita mchawi kwa kuwa anamnyima mume wake maji. Mume anaandika kuwa mkewe siku hizi analala chumba cha watoto. Binti wa kidato cha tatu ameandika kwa penseli, akiuliza kama hospitali inaweza kumpatia mtu wa kumleta mama yake Jumatano, maana Jumatano shuleni kuna mtihani wa kila wiki.

Kitengo kimeona ni vyema kutoa ufafanuzi.

Wiki ina saa 168. Anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, anakuwa mikononi mwetu saa 12. Saa 156 yuko nyumbani, na huko anauguzwa na mtu ambaye mara nyingi jina lake halimo hata kwenye faili.

Yupo mama mmoja anayemleta mumewe zamu ya saa kumi na mbili asubuhi, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Mkobani ana chupa ya nusu lita iliyozungushiwa plasta nyeupe, na juu ya plasta amechora mistari kwa kalamu ya bluu: asubuhi, mchana, jioni, dawa. Hiyo ndiyo posho ya maji ya mumewe kwa siku. Jumatatu moja mzani ulionyesha baba ameongezeka kilo 4.6 tangu Ijumaa. Muuguzi akamgeukia mama: "Umemnywesha nini?" Mama akakaa kimya. Baba akatazama sakafu. Aliyejibu ni bibi, mama mzazi wa mgonjwa, aliyekuwa ameketi kwenye benchi la wasindikizaji: "Mimi ndiye niliyempa dafu. Mawili. Mtoto ana kiu, nimtazame tu?"

Nikiri kwamba hata sisi tulikuwa tumeshamhukumu asiyehusika.

Dafu halisafishi figo. Tumelisema hili mpaka sauti zimekauka na bado kila wiki kuna anayeletewa dafu "la kuzibua". Kwa mtu ambaye figo zake zimekoma kufanya kazi, dafu ni maji anayoshindwa kuyatoa na ni potasiamu nyingi, na potasiamu ikipanda damuni moyo unaweza kusimama bila kuaga. Ndizi, parachichi na juisi ya maembe ziko kundi hilohilo. Viazi na mchicha havijakatazwa kabisa: menya, katakata, loweka, chemsha kwa maji mengi, kisha maji hayo yamwage. Usiyageuze kuwa mchuzi.

Kipimo cha kunywa kwa kawaida ni nusu lita kwa siku, ukijumlisha kiasi cha mkojo ambao mgonjwa bado anaupata. Uji umo katika hesabu hiyo. Chai imo, mchuzi umo, tikiti maji limo, na barafu anayomumunya akidhani hatuoni imo. Lakini msimsimamie mtu kwenye maji huku mkimpikia dagaa wa chumvi. Chumvi ndiyo inayoleta kiu. Nyumba inayokula chungu kimoja ipunguze chumvi kwa wote. Kumtengea mgonjwa kisufuria chake pembeni ni kumkumbusha kila mlo kwamba yeye si mwenzenu. Tena muwe macho zaidi mwisho wa wiki. Kutoka Ijumaa hadi Jumatatu ndilo pengo refu kuliko yote, na wengi wanaotufikia wakihema hufika Jumapili usiku au alfajiri ya Jumatatu.

Sasa suala la wanandoa, ambalo watu hulileta kwa kunong'ona mlangoni baada ya daktari kuondoka. Ugonjwa wa figo hauambukizwi kwa kulala pamoja, kubusiana wala kutumia kikombe kimoja. Hautokani na uzinzi. (Ndiyo, tunaulizwa, na watu waliosoma.) Hamu ya tendo hupungua kwa sababu damu imepungua, homoni zimevurugika, baadhi ya dawa za presha huchangia, na mtu aliyetoka kwenye mashine huwa amechoka kama aliyelima tangu alfajiri. Mwanamume anapoteza nguvu, anaogopa kusema, anaanza kumshuku mkewe. Mwanamke mgonjwa hedhi yake inavurugika au kukoma, anadhani hawezi tena kushika mimba. Anaweza, ingawa ni nadra, na mimba hiyo ni ya hatari, kwa hiyo uzazi wa mpango bado unamhusu. Semeni kwa daktari mkiwa wawili. Dawa zinaweza kubadilishwa, upungufu wa damu una sindano zake. Vumbi la Kongo, ile dawa ya kuongeza nguvu za kiume inayouzwa stendi, halina kipimo wala mtu wa kumuuliza kilichomo. Tusibishane kuhusu hilo.

Mkono wenye fistula nao umevunja amani za watu. Neno lenyewe lina balaa: mama mmoja aliposikia mumewe amefanyiwa fistula alicheka, akidhani ni ile ya uzazi. Kwetu ni mshipa uliounganishwa mkononi ili mashine ipate damu ya kutosha. Mkono huo haupimwi presha, hautolewi damu ya vipimo, haubebi ndoo, haulaliwi. Kila asubuhi msaidizi aweke vidole juu yake. Pakiwa na mtetemo, sawa. Mtetemo ukipotea msisubiri siku ya zamu, njooni saa hiyohiyo.

Kuhusu taratibu, ambazo wengi huziona ni usumbufu. Kila mgonjwa aandikishe wasaidizi wawili, si mmoja. Kila msaidizi alete kitambulisho, namba ya simu inayopatikana na picha ndogo mbili, na mgonjwa mwenyewe asaini kukubali kwamba huyo anaweza kuelezwa hali yake. Bila saini hiyo hatumwelezi mtu chochote, hata akiwa kaka mkubwa aliyetoka mbali na kulipia gharama. Anayebadilisha msaidizi ajaze fomu upya. Atakayechelewa zaidi ya nusu saa atapunguziwa muda wake kwenye mashine, kwani baada yake mashine inasafishwa kwa dawa na zamu inayofuata inasubiri. Hatumuongezei mmoja kwa kumpunja mwingine. Anayesafiri kwenda msibani atoe taarifa mapema ili tumwandalie barua yenye majibu ya hivi karibuni ya homa ya ini B na C na VVU, uzito mkavu (uzito wake maji ya ziada yakiwa yametolewa), aina ya njia ya kupitishia damu kwenda kwenye mashine na dozi ya dawa ya kuzuia damu kuganda. Kituo cha huko kina haki ya kumkataa asiye na barua, na msitupigie simu kutulaumu. Mwenye homa ya ini B hutengewa mashine yake, hapa na kwingine. Huo ni utaratibu wa kuzuia maambukizi, si unyanyapaa.

Kadi ya bima ni ya aliyeandikwa juu yake. Msaidizi akiumwa kichwa asiombe dawa kwa kadi ya mgonjwa, ni kosa kisheria na tunawajibika kutoa taarifa. Badala yake aombe kupimwa presha na sukari. Watoto na ndugu wa damu wapime na mkojo pia, maana presha na kisukari, ambavyo ndivyo viangamizi vikubwa vya figo, hutembea ndani ya ukoo.

Tangu upandikizaji wa figo uanze kufanyika nchini, Muhimbili Novemba 2017 na Benjamin Mkapa Dodoma 2018, vikao vya ukoo vimepata ajenda mpya: nani atoe. Figo haiuzwi, na halazimishwi mtu. Aliyejitolea anaweza kughairi hata siku ya mwisho, na sababu yake hatuipeleki kikaoni.

Waajiri nao wajue kwamba mfanyakazi anayeomba ruhusa mara tatu kwa wiki kumleta mgonjwa wake si mtoro. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilipotungwa ilitaja siku nne za ruhusa kwa ugonjwa au kifo cha mtoto; mwenzi ilimtaja kwa kifo tu. Tunachoweza sisi ni kutoa barua yenye ratiba ya zamu. Barua hiyo ni bure, inatolewa ofisi ya ustawi wa jamii siku za kazi.

Binti aliyeandika kwa penseli hakuweka jina. Tuna nafasi mbili katika zamu ya Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Afike na mama yake kabla hazijachukuliwa.