Jiwe la Tabaka husomwa kabla ya kukatwa

Uchongaji sikufundishwa darasani. Hapa Tabaka, Kisii, mtoto hukulia kwenye vumbi la mawe ya sabuni, akiokota vipande vilivyotupwa na wakubwa na kuvikwangua kwa kisu hadi sanamu ya kiboko itokee. Nilianza hivyo. Wageni wakija hutaka kuona patasi ikifanya kazi, lakini mimi huwapeleka kwanza kwenye rundo la mawe, maana sanamu huharibika au kupona pale.

Jiwe hili lina talki, madini yaliyo laini kuliko yote katika kipimo cha ugumu wa madini cha Mohs. Jeupe hukatika kwa urahisi. La waridi huwa gumu zaidi na huchosha mkono. Nikilichagua, nalimwagia maji na kusubiri. Uso unapoanza kukauka, ufa hubaki mstari mweusi kwa sababu maji yamekwama ndani. Halafu naligonga kwa mgongo wa panga. Jiwe zima hulia. Lenye ufa hutoa sauti butu.

Kisha natafuta mishipa yake inakoelekea. Pembe ya kifaru ikiukata mshipa, itakatika hata kabla ya msasa, kwa hiyo nageuza jiwe mpaka pembe ilale sambamba nao. Lisipokubali, naachana na kifaru. Mama aliyempakata mtoto hana sehemu nyembamba, na jiwe lile lile litamfaa.

Panga na msumeno hutoa umbo, patasi na kisu humalizia. Msasa hupigwa kwenye maji, kuanzia wa kukwaruza hadi laini kabisa, na kwa kawaida hapa kwetu ni kazi ya akina mama. Maji huzuia vumbi lisiingie kifuani. Wanaokata makavu bila kufunika pua wanajiumiza. Uzuri wote unaoonekana dukani umepita mikononi mwa wanawake hao, na inaniudhi kwamba hawatajwi.

Elkana Ong'esa, mzaliwa wa Tabaka, amelifikisha jina letu mbali: sanamu yake ya ndege iko makao makuu ya UNESCO, Paris. Sisi wengine bado tunauzia madalali wanaohesabu vipande tu. Ukija kununua, uliza jiwe lilichaguliwaje na nani alipiga msasa, ndipo uanze kuzungumza bei.