Hiyo Asilimia 30 Mliipata Wapi?

Hakuna sheria ya Kenya, Tanzania, Marekani wala Japani inayosema ukibadilisha mchoro wa mtu kwa asilimia 30 unakuwa wako. Si 30, si 20, si 70. Hakuna hakimu anayekaa na rula kupima mkono wa Spider-Man umesogea kiasi gani. Naandika haya ili siku nyingine nikiambiwa nitume kiungo tu, niendelee kupanga printi zangu.

Kilichonichosha safari hii ni kwamba aliyesema hakuwa kijana wa sekondari. Alikuwa mwalimu wa usanifu wa michoro, amekuja na wanafunzi wake kwenye maonyesho ya vibonzo hapa Nairobi, amesimama mbele ya meza yangu akiwaonyesha Batman wangu aliyejifunga kikoi, ameketi barazani na kikombe cha kahawa chungu. "Mnaona dada alivyofanya? Nguo amebadilisha, mandhari amebadilisha. Hiyo imepita asilimia 30, kwa hivyo sasa ni mali yake." Wanafunzi wakaandika. Waliandika kabisa kwenye madaftari! Nikamwambia, mwalimu, Batman si mali yangu hata kidogo. Akacheka, akadhani ni unyenyekevu.

Basi tusome sheria yenyewe. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 kinampa mwenye kazi mamlaka juu ya kunakili, kugeuza na kusambaza kazi nzima au sehemu yake ya maana, iwe katika umbo la awali au katika umbo lolote linalotambulika kuwa limetokana na lile la awali. Linalotambulika. Sheria haiulizi umeongeza nini, inauliza umechukua nini. Marekani walishalimaliza jambo hili mwaka 1936, pale Jaji Learned Hand aliposema kwamba aliyeiba kazi ya mwenziwe hawezi kujitetea kwa kuonyesha ni kiasi gani cha kazi yake mwenyewe hakukiiba. Ukimchukua ng'ombe wa jirani ukampaka rangi na kumfunga kengele, maziwa unayouza bado ni ya jirani, hata kama rangi uliinunua kwa pesa zako.

Na Batman ni mfano mbaya zaidi mwalimu yule angeweza kuchagua. Kuna fundi mmoja Marekani aliyekuwa akiunda na kuuza nakala za gari la Batman. Alijitetea kwamba gari lile limebadilika umbo mara nyingi tangu lianze kuchorwa, kwa hivyo hakuna umbo moja la kulindwa. Mwaka 2015 mahakama ya rufani ikamkatalia: gari lenyewe lina hadhi ya mhusika na linalindwa, hata likibadilika sura mwaka hadi mwaka, mradi sifa zake kuu zinabaki. Sasa kama gari tu linalindwa, mwenye gari akivaa kikoi anakuwa wangu vipi?

Lakini hata sheria tuiweke kando. Kinachoniudhi katika imani hii ni kwamba haina akili hata kibiashara. Mtu anasimama kwenye meza yangu kwa sababu gani? Kwa sababu ametoka mbali, ameona masikio mawili yaliyochongoka, na moyo wake ukasema "namjua huyu". Hilo ndilo analolipia. Kikoi na kahawa ni utamu juu yake, ndiyo, na ni kazi yangu, na najivunia. Ila niondoe masikio, niondoe joho, nibakishe mwanamume mwenye taya pana akinywa kahawa Lamu, na hakuna atakayetoa simu kuingiza nambari ya till. Kwa hiyo mchoro wa ushabiki, yaani wa shabiki anayemchora mhusika wa mtu mwingine, unaouzika ni ule ambao haujabadilika vya kutosha, na uliobadilika vya kutosha si mchoro wa ushabiki tena. Hakuna asilimia ya katikati ambapo unapata wateja wa mwenzio na usalama wako kwa pamoja.

Hapa ndipo watu huchanganya mhusika na mtindo, na huwa nakaa hapa muda mrefu kuliko wanavyopenda. Mtindo hauna mwenyewe. Macho makubwa ya anime (katuni za Kijapani), nywele za miiba, mistari ya mwendo, nukta za rangi kama za magazeti ya zamani, vyote ni vyako ukivitaka. Tazameni Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alifariki Dar es Salaam mwaka 1972 baada ya kuchora kwa miaka michache tu, na hadi leo pale Oysterbay kuna wachoraji wanaotumia rangi ya mafuta inayong'aa, wanyama wenye madoa, ndege wenye shingo ndefu kuliko akili. Hakuna aliyeiba kitu kwa kuchora kwa mtindo huo. Ila ukichukua picha fulani ya mchoraji fulani pale, ukaipiga picha na kuichapisha kwenye fulana, hapo umeiba picha. Ni mambo mawili tofauti, na kijana anayejifunza kuchora "kama anime" hana haja ya kuogopa chochote mpaka pale anapomchora mhusika ambaye kila mtu anamjua.

Wajuaji wa meza yangu wakishindwa na sheria ya Kenya hukimbilia Marekani, kwenye utetezi unaoruhusu kutumia kazi ya mtu bila idhini yake katika hali fulani: "Lakini kule kuna matumizi ya haki! Warhol je?" Haya, Warhol.

Mwaka 1981 mpiga picha Lynn Goldsmith alimpiga picha mwanamuziki Prince. Mwaka 1984 jarida la Vanity Fair likalipa dola 400 ili picha hiyo itumike kama msingi wa mchoro mmoja, mara moja tu. Mchoraji Andy Warhol akauchora, kisha akaendelea na kutengeneza mfululizo wa kazi 16. Prince alipofariki mwaka 2016, kampuni yenye jarida hilo ilitumia mojawapo ya hizo nyingine, ile ya rangi ya chungwa, na kuilipa taasisi ya Warhol, inayosimamia kazi zake, dola 10,000. Goldsmith hakupata senti. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji 7 kwa 2, ikasema kwamba katika matumizi yale, taasisi haikuweza kujificha nyuma ya hoja kwamba Warhol aliipa picha maana mpya, kwa sababu picha zote mbili zilikuwa zinafanya kazi ileile: kumwonyesha Prince kwenye jarida linalozungumzia Prince.

Angalieni mahakama ilichotazama. Haikuhesabu mistari. Ilitazama matumizi. Picha ileile ya chungwa ikiwa ukutani kwenye jumba la makumbusho inaweza kuwa na jibu lingine, na majaji waliliacha hilo bila kuliamua. Kwa maana hiyo mchoro wenyewe hauna "asilimia" ndani yake hata kidogo. Unaweza kuwa halali Jumanne na haramu Jumatano, kutegemea umeupeleka wapi. Na hayo ni Marekani, penye vigezo vinne vya kupima. Kwetu mlango ni mwembamba: utafiti wa kisayansi, matumizi binafsi, uhakiki, kuripoti habari za wakati huo, na mengine machache. Kuuza A3 kwa shilingi 1,000 katikati ya watu waliovaa kosplei (mavazi ya kuiga wahusika) si uhakiki, hata nikivaa miwani.

Mengine nitayapitia haraka kwa sababu hayastahili muda. Kuandika "sina nia ya kuvunja hakimiliki" chini ya mchoro ni kukiri, si kinga. "Sikupata faida" haisaidii sana, hasa ukiwa na till. "Nilichora kwa mkono" ni vizuri, hongera. "Wao wako Marekani, sisi tuko huku": Kenya iliingia Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, mwaka 1993 na Tanzania mwaka uliofuata, kwa hivyo kazi zao zinalindwa hapa kama zetu. Nembo na majina ni habari ya alama za biashara, ambayo ni sheria nyingine kabisa na haina huruma hata kidogo. Usiweke nembo ya kampuni kwenye stika, basi.

"Kwa nini basi hawakukamati?" Swali zuri, na jibu lake si tamu. Wenye Batman hawanikamati kwa sababu ninachopata hakinunui hata kikombe cha kahawa cha wakili wao. Mashabiki wanaochora ni tangazo la bure, na kuwashtaki kunaleta aibu. Japani wamejenga utamaduni mzima juu ya kufumbiana macho huko: Comiket, soko la vijitabu vya mashabiki, ilianza Tokyo mwaka 1975, na vijitabu vingi vinavyouzwa pale vinatumia wahusika wa watu wengine. Ila kufumbiwa macho si kupewa ruhusa. Mkumbukeni Gary Friedrich, mmoja wa waliomzaa Ghost Rider, mhusika wa vibonzo vya kampuni ya Marvel. Alipoishtaki Marvel akidai mhusika ni wake, kampuni ikamgeuzia kibao kwa bidhaa za Ghost Rider alizokuwa akiuza kwenye maonyesho kama haya yetu, na mwaka 2012 akaandikiwa bili ya dola 17,000. Baadaye mahakama ya rufani iliirudisha kesi na wakapatana mwaka 2013. Lakini fikiria: mtu aliyeshiriki kumuumba mhusika, anadaiwa kwa kuuza picha zake mezani. Na wewe una asilimia 30.

Sasa galari. Asilimia 30 ninayoijua mimi ni ile ambayo galari hukata picha ikiuzwa, na mara nyingi hupanda hadi 40 au 50. Huko mambo hubadilika sura. Mezani nauza printi za bei nafuu, nyingi, kwa mashabiki. Galarini nauza turubai moja, au toleo dogo lenye nambari na sahihi, kwa mtu ambaye pengine hajui mhusika ni nani na anapenda tu bluu ile. Watu hudhani galari ndiyo mahali salama zaidi kwa sababu ni "sanaa ya kweli". Someni mkataba kabla ya kusaini. Kwa kawaida kuna mstari unaosema wewe msanii unathibitisha kwamba kazi ni yako halisi na kwamba gharama za madai yoyote ni zako. Mratibu wa maonyesho ya vibonzo anajua vizuri unauza nini. Mwenye galari anaweza kuwa hajui, na umemsainia kwamba hakuna shida.

Na hapa ndipo hasira yangu hupata nyufa, kwa sababu historia ya sanaa hainisaidii. Mchoraji wa Marekani Roy Lichtenstein mwaka 1963 alichukua fremu ya kibonzo cha vita cha mwaka uliotangulia, iliyochorwa na Irv Novick, akaikuza na kuibadilisha hapa na pale. Leo iko kwenye jumba la sanaa la Tate, London, na watu hupanga foleni. Je, alibadilisha vya kutosha? Kila nikitazama fremu zote mbili nafikia jibu tofauti. Siku nyingine naona mchoraji mkubwa aliyekaza mstari na kutufanya tuitazame upya picha ya senti chache. Siku nyingine naona mchoraji wa kuajiriwa aliyelipwa kwa ukurasa, na bwana mwingine akalipwa kwa jina.

Ufa mwingine uko karibu zaidi. Mimi nauza Batman. Siwezi kuuza mhusika wa jirani yangu wa meza ya tatu, anayechora na kuchapisha kibonzo chake mwenyewe, hata akija kijana na pesa mkononi kuniomba. Wala siwezi kumchora Juha Kalulu, mhusika wa vibonzo aliyeletwa kwenye Taifa Leo na kalamu ya Edward Gitau, ingawa watu wengi huniambia "huyo ni wetu sote". Si wetu sote. Hakimiliki hapa hudumu maisha ya mchoraji na miaka 50 baadaye. Kisheria hakuna tofauti kati ya Batman na Juha Kalulu. Tofauti iko kichwani mwangu: kampuni kubwa haitalala njaa kwa sababu yangu, jirani yangu anaweza. Sina hakika kwamba hiyo ni kanuni ya haki. Inaweza kuwa ni kuchagua tu mtu wa kumkosea ambaye hatanikuta kwenye foleni ya chapati.

Ninachofanya kwa sasa ni hiki. Sifuatishi bango wala picha ya filamu. Mkao na muundo ni wangu. Sifuatishi picha ya mpiga picha, hata kama aliyepigwa ni rafiki yangu aliyevaa kosplei, kwa sababu picha ina mwenyewe na sura ina mwenyewe. Naweka idadi ndogo. Nikiambiwa toa, natoa siku hiyohiyo. Galarini sipeleki mhusika wa mtu kabisa, napeleka wangu au wasio na mwenyewe.

Wasio na mwenyewe ni wengi kuliko mnavyofikiri. Lwanda Magere, shujaa wa ngano za Waluo, ana mwili wa jiwe na udhaifu uko kwenye kivuli. Niambieni kampuni gani iliwahi kubuni kitu kizuri hivyo. Fumo Liyongo, shujaa wa tenzi za Waswahili, hauawi na chuma chochote isipokuwa shaba ya kitovuni. Mwaka huu nimemchora, mita moja na nusu, akiwa na siwa, lile baragumu la kifalme, anga la kisiwa cha Pate nyuma yake limejaa moto. Kwa mauzo, Batman wa kikoi anampiga vibaya, sitawadanganya. Vijana wanasimama, wanatoa simu, wanapiga picha, wanauliza ni wa anime gani. Nikisema ni Liyongo, wanauliza kama msimu wa pili umeshatoka.