Maandamano Yakishapoa, Nani Anabaki na Madai?

Kila wimbi la maandamano linapotulia, sisi wa usajili wa asasi hupokea malalamiko yaleyale: michango ilipitia simu ya mtu mmoja, haijulikani ilikokwenda, na wenzake hawasemezani tena. Madai yaliyowatoa watu barabarani yapo palepale, hayana wa kuyafuatilia.

Wengi hulaumu hamasa kupungua. Hamasa hupungua siku zote. Kinachokosekana ni kazi ya kumpa mtu siku ambayo hakuna maandamano.

Mgomo wa mabasi wa Montgomery, Marekani, ambapo Wamarekani weusi walikataa kupanda mabasi yenye ubaguzi wa rangi, uliitishwa kwa siku moja tu, 5 Desemba 1955. Siku hiyohiyo waandaaji waliunda chama, wakachagua viongozi, na jioni mkutano wa hadhara ukaamua kuendelea. Ulidumu siku 381. Uliendeshwa na kamati ya usafiri: magari ya watu binafsi yapatayo 300, vituo vya kupandia, ratiba, fedha za mafuta. Makanisani watu walipewa taarifa mara kwa mara. Viongozi walishtakiwa kwa sheria ya 1921 iliyokataza ususiaji, Martin Luther King akatozwa faini ya dola 500, na magari yakaendelea kubeba watu. King mwenyewe alichaguliwa kuongoza chama hicho akiwa na miaka 26, kwa hiyo wanaomsubiri kiongozi mashuhuri ndipo waanze, watafute kisingizio kingine.

Utaratibu si mgumu. Andikeni katiba inayosema nani mwanachama, akidi (idadi ya chini ya wanachama ili kikao kiwe halali) ni wangapi, na kiongozi anaondolewaje. Kila kikao kiwe na muhtasari uliotiwa saini na mwenyekiti na katibu, kisha uthibitishwe kikao kinachofuata (si miezi sita baadaye, tafadhali). Mweka hazina asiwe mtia saini pekee. Mapato na matumizi yasomwe mbele ya wanachama. Mkishasajiliwa, taarifa ya mwaka ikichelewa kuna adhabu, na mkizidi kupuuza mnaweza kufutwa.

Tunaambiwa pia kwamba kundi lisilo na viongozi haliwezi kuhujumiwa. Huhujumiwa kwa urahisi zaidi, kwani yeyote anaweza kudai analisemea.

Na usajili si kibali cha kuandamana. Haki ya kukusanyika kwa amani imo katika ibara ya 21 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, usajili uwepo usiwepo. Ila katika nchi nyingi kundi lisilosajiliwa haliwezi kufungua akaunti ya benki kwa jina lake, na deni likija, hudaiwa aliyetia saini.