Miguu ya Bondia Mkongwe Haidai Kilomita

"Kocha, miguu imekuwa mizito. Naongeza jogingi."

Hakuna kauli inayorudiwa zaidi na mabondia waliovuka miaka 34, na hakuna inayoharibu miguu mingi kuliko hiyo. Bondia anaona anapatwa na ngumi alizokuwa akizikwepa bila kufikiri, anaamua kwamba pumzi imepungua, basi anaamka saa 10 alfajiri badala ya saa 11 na kilomita 8 zinakuwa 12. Wiki sita baadaye kano ya kisigino inauma kila akitoka kitandani, na ulingoni ni mzito kuliko alivyoanza. Hapo anaambiwa ni uzee. Uzee haujafanya hata nusu ya hayo.

Tuelewane kwanza uzee unachukua nini. Ndani ya msuli, nyuzi za kasi husinyaa mapema na kwa kiwango kikubwa kuliko nyuzi za polepole. Bondia wa miaka 38 anaweza kuinua chuma kilekile alichoinua akiwa na 28, na akakimbia mbio ndefu vizuri tu. Kilichopungua ni mwendo wa nguvu hiyo kufika sakafuni. Msuli unahitaji takriban theluthi moja ya sekunde, pengine zaidi, kufikisha nguvu yake yote, na hatua ya kukwepa ngumi haina muda huo. Kwa hiyo nguvu anayo, ila inafika ngumi ikiwa imeshatua.

Sasa jogingi inatibu nini hapo? Katika kilomita 10 kila mguu unakanyaga chini zaidi ya mara 4,000, kwa mdundo uleule wa polepole, kuelekea mbele tu. Bondia gani hutembea ulingoni hivyo? Unachofundisha ni msukumo wa polepole, na unaufundisha mara elfu. Tena unauchosha msuli wa shavu la mguu, ambao ndio kazi yake kukishikilia kisigino juu ya sakafu raundi nzima. Kano ya mtu wa umri huo hukawia kupona kuliko ya kijana. Ukiipiga lami siku sita kwa wiki haipati siku ya kujijenga.

Angalia hatua yenyewe inavyofanyika. Anayekwenda kushoto husukumwa na mguu wa kulia: nusu ya mbele ya wayo inakamata sakafu, kisigino kimeinuka kidogo, shavu linasukuma, goti linafunguka, nyonga inafuata, mguu wa kushoto unatua, wa kulia unarudi kujaza nafasi. Msukumo ukichelewa, mwili hutafuta njia ya kuficha. Kisigino cha nyuma hushuka na kubaki chini. Au mguu wa mbele hutangulia halafu wa nyuma ukakokotwa, utasikia soli ikikwaruza turubai. Au bondia huacha kusogea kabisa akawa anaegemeza kiwiliwili. Hili la mwisho ndilo linalowadanganya makocha wengi, maana kichwa bado kinaikwepa ngumi ya kwanza na watu wanapiga makofi. Ngumi ya pili inamkuta uzito wote uko juu ya mguu mmoja, hana pa kwenda.

Usikisie. Weka simu chini kwenye kona ya ulingo, irekodi polepole, apige ngumi za hewani dakika tatu. Tazama miguu tu, mikono iache. Kisha apeleke goti ukutani: wayo wote chini, dole gumba likiwa sentimita 10 kutoka ukutani, goti liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka. Asipofika, kifundo cha mguu kimekaza, na kifundo kilichokaza humsukuma aishi juu ya visigino hata angekuwa na mashavu ya chuma. Tofauti ya zaidi ya sentimita 2 kati ya kulia na kushoto nayo ina maana, hasa mguu uliokaza ukiwa ndio wa nyuma. Mwisho ainuke kwa vidole vya mguu mmoja, goti limenyooka, akihesabu. Bondia anayekwama kwenye 12 hana haki ya kuzungumzia kilomita.

Tiba yake ni fupi, na ufupi huo ndio unaowaudhi, kwa sababu hawatoki jasho la kutosha kuamini wamefanya kazi. Baada ya kupasha mwili, kabla ya begi la ngumi na kabla ya padi anazovaa kocha mikononi kupokea ngumi, akae kwenye mkao wake. Mwenzake aoneshe mkono: kushoto, kulia, mbele au nyuma. Asukume hatua moja tu, kwa ukali wote, arudi. Mara sita, apumzike dakika nzima, seti tano. Mara hatua inapoanza kuchelewa, acheni, hata kama ni seti ya tatu. Kuanzia hapo mnazoeza uchelewaji. Mara mbili kwa wiki, katikati siku mbili au tatu. Siku ya chuma, ainue visigino akiwa kwenye ukingo wa ngazi, seti nne za mara nane, akishuka taratibu kwa hesabu ya tatu mpaka kisigino kipite chini ya ngazi. Seti mbili goti likiwa limenyooka, mbili likiwa limekunjwa, kwa kuwa kuna msuli wa chini ya shavu ambao hufanya kazi zaidi goti likikunjwa, na bondia hupigana goti limekunjwa. Kano ikiwa tayari inauma, asishuke chini ya usawa wa ngazi mpaka itulie.

Pumzi je? Padi, begi, baiskeli. Abakishe jogingi moja nyepesi ya nusu saa kama inamtuliza roho, kwenye udongo, si lami. Hiyo nampa kwa shingo upande.

Halafu kuna maneno yanayozunguka mazoezini. "Kuruka kamba kunatosha." Kamba ni nzuri, lakini inakupeleka juu na chini, kwa miguu miwili, kwa mdundo unaoujua. Mpinzani hakupi mdundo. Iruke kwa nusu dakika kali, mara sita, ukipumzika katikati, uachane na ile dakika 20 mfululizo juu ya zege.

"Akipanua miguu atakuwa imara." Atakuwa imara kama kabati. Mguu ulioenda mbali umeshanyooka, hauna cha kusukuma tena. Ili asogee lazima kwanza aurudishe ndani, na hizo tayari ni hatua mbili. Chora chaki upana wa mabega yake, mwache apigane raundi tatu, utaona wakongwe wanavyovuka mstari taratibu kadiri uchovu unavyoingia.

"Fulani alizaliwa na kasi, haiondoki." Roy Jones Jr., bingwa wa dunia kutoka Marekani, alikuwa na kasi ambayo wengi hawajaiona tena. Alishusha mikono, aliruka kuingia na kutoka kwa pembe zisizofundishwa popote, na hakuwa na haja ya mengi zaidi kwa sababu miguu ilimlipia madeni yote. Mei 2004, Jones akiwa na miaka 35, Antonio Tarver alimwangusha raundi ya pili. Septemba mwaka huohuo Glen Johnson akamwangusha ya tisa. Mazoea yalibaki, msukumo ukawa umepungua kidogo tu, na mikono ilikuwa bado chini. Bernard Hopkins, Mmarekani mwingine, hakuwahi kuwa na kasi ya aina hiyo. Aliishi kwa hatua fupi, nusu hatua ya kumharibia mwenzake umbali, kushika, kugeuza. Mei 2011 huko Montreal alimshinda Jean Pascal akiwa na miaka 46 na kuvunja rekodi ya George Foreman ya bingwa mkongwe kuliko wote. Na Foreman mwenyewe, mwaka 1994 akiwa na 45, alimtoa Michael Moorer raundi ya 10 akitembea kama mtu aliyebeba gunia. Ngumi nzito hukawia kuondoka. Ila usimwambie kila mkongwe awe Foreman. Wengi hawana ngumi ile, wanabaki na gunia tu.

"Akirudi kwenye uzito wake wa zamani, miguu itarudi." Oktoba 1980 Muhammad Ali, miaka 38, alipanda kupambana na Larry Holmes akiwa na uzito karibu uleule aliokuwa nao Kinshasa mwaka 1974 alipomshinda Foreman. Kwa macho alipendeza. Alikuwa amepunguza kilo nyingi, tena akitumia dawa za tezi ya shingo, na ulingoni miguu haikuwepo. Kona yake, yaani kocha na wasaidizi wake, ilisimamisha pambano baada ya raundi ya 10. Kilo zinazokatwa haraka huondoka na maji na msuli, na mkongwe msuli wa kasi haurudishi kirahisi. Aanze wiki 10 kabla, si siku 10.

Kuna moja ambalo halina mzaha: "Anapepesuka kidogo, ni umri." Bondia wa miaka 36 hapepesuki kwa umri. Anayekokota mguu mmoja tu, anayejikwaa mahali tambarare, anayeyumba akisimama miguu pamoja macho yamefumbwa, au ambaye ulimi umeanza kuwa mzito, huyo hana tatizo la kisigino. Madaktari wameandika juu ya mabondia wa namna hiyo tangu 1928, na chanzo ni vichwa vilivyopigwa sana. Hapo hakuna zoezi. Sparingi, yaani kupigana na mwenzake mazoezini, inasimama siku hiyohiyo, bondia anakwenda kwa daktari wa mishipa ya fahamu, na aende na video mbili kwenye simu: moja ya pambano la miaka mitatu iliyopita, nyingine ya wiki hii.