Mazungumzo mafupi ya kubadili tabia za afya: maana yake ni nini na yanafanyikaka aje

Mama anakuja kupima tansio (presha ya damu), muganga anakuta 17 kwa 10, ni kusema 170 kwa 100, anamwambia mama acha chumvi, acha makayabu (samaki ya chumvi), tembea, kunywa dawa kila siku, mama anajibu "ndiyo dokta", anachukua karatasi yake anatoka. Mwezi unaofuata tansio iko palepale na muganga anakasirika, anasema wagonjwa hawasikiaki. Mimi nimefanya vile miaka mingi hapa Bukavu. Nilikuwa naamini kabisa kwamba kazi yangu ni kusema na kazi yake ni kusikia, na ile "ndiyo" nilikuwa naihesabu kama amekubali. Lakini kwetu huku "ndiyo dokta" ni heshima tu. Mtu mzima aliyelelewa vizuri hawezi kubishana na muganga uso kwa uso, atasema ndiyo hata kama moyoni anajua ile kitu haitafanyika kwa nyumba yake.

Sasa, mazungumzo mafupi ya ushauri ni kitu gani? Ni maongezi ya dakika 5, labda 10, ndani ya konsiltasio ya kawaida, juu ya tabia moja inayomharibia mtu afya: pombe, sigara, chumvi, kukaa bila kutembea, kuruka dawa. Tabia moja, siyo zote kwa mara moja. Na tofauti yake na mahubiri ni kwamba mgonjwa njo anasema sababu zake za kubadilika, kwa mdomo wake mwenyewe, na muganga anamsaidia azifikie. Namna hii ya kuongea, wale tuliosoma kwa Kifaransa tunaiita entretien motivationnel, ni kusema maongezi ya kuamsha hamu ya mtu ya kubadilika. Ilianza kwa Mmarekani mmoja, William Miller, alikuwa anasaidia watu wenye shida ya pombe, mwaka 1982 akaenda Norway na wenzake wa kule wakawa wanamuuliza uliza juu ya nini umesema hivi, juu ya nini haukusema vile, ndipo akaona kumbe iko na njia anayofuata bila kuijua. Akaiandika 1983, kisha 1991 akatoa kitabu pamoja na mwanasaikolojia mwenzake, Stephen Rollnick.

Mtu atauliza, dakika 5 zinaweza kubadilisha nini? Mwaka 1979, London, Michael Russell na wenzake walichapisha utafiti juu ya wavuta sigara 2,138 waliokuja kwa madokta wao wa kawaida kwa shida zao za kila siku. Wale walioshauriwa na dokta waache, wakapewa kijikaratasi na kuambiwa watafuatiliwa, mwaka ulipopita 5.1 kwa 100 walikuwa wameacha na hawajarudia. Wale ambao hawakuambiwa kitu, 0.3 kwa 100. Utaona 5 ni kidogo, na ukweli kwa mgonjwa mmoja mmoja ni kidogo, lakini fikiria kituo kinachopokea watu kila siku ya Mungu, na ile maneno haiombi mashini wala franga. Ndio maana inaniuma nikiona tunaipita.

Nieleze kwa mfano, juu bila mfano haieleweki. Mama mmoja, mchuuzi wa soko ya Kadutu hapa Bukavu, tansio ile ile ya 17. Siku hiyo sikuanza na "acha".

"Mama, naomba tuzungumuze kidogo juu ya chakula, kama haitakusumbua."

"Hakuna shida, muganga."

"Kwa nyumba munakulaka nini siku mingi?"

"Bugali na sombe. Siku kuko franga, makayabu ao sambaza."

"Na wewe njo unapikaka?"

"Njo mimi. Tuko watu tisa. Bwana yangu anasemaka mboga bila chumvi ni ya wagonjwa."

Hapa zamani ningeruka, ningesema "lakini mama utakufa". Nikasema tu kile nilichosikia: "Kumbe unaogopa ukipunguza chumvi bwana atakataa kula." Akasema "na watoto pia." Kisha akanyamaza. Ile kunyamaza njo ngumu kuliko yote, kuna watu kumi wanangoja inje kwa benchi na mkono wako tayari uko juu ya kalamu, lakini nikaiacha. Akasema polepole: "Lakini na mie naogopaka. Mama yangu alianguka hivi hivi, mukono ikakufa, tukamuogesha miaka mine."

Angalia ile sentensi. Mimi sikumtisha na stroki (kiharusi), hata sikuitaja. Ilikuwa ndani yake miaka yote, na kila siku niliyokuwa namhubiria haikupata nafasi ya kutoka, juu mtu ukimsukuma anatafuta sababu za kubaki pale alipo, ni asili ya binadamu, ukimvuta mkono naye anavuta. Ukimuuliza na ukangoja, ni yeye njo anatafuta sababu za kuondoka.

Kuko swali moja ninalolipenda sana, la namba. Nikamuuliza: "Toka 0 mpaka 10, kupunguza chumvi unaona iko na maana kadiri gani kwako?" Akasema 6. Wengi hapa wanakosea, wanauliza "juu ya nini siyo 10?" na mgonjwa anaanza kuhesabu vizuizi: bwana, watoto, tamu ya mboga. Uliza kinyume: "Juu ya nini umesema 6, haukusema 2?" Hapo anakupa sababu nzuri, moja baada ya ingine, na anajisikia mwenyewe akizisema. Kisha swali la pili, la nguvu: uko na uhakika gani kwamba utaweza? Huyu mama akasema 3. Basi ukajua maana anaiona, kinachokosa ni njia, na kumuelezea tena ubaya wa chumvi ni kupoteza saa yake.

Habari za kitaalamu zinapewa pia, lakini kwa ruhusa. Nilimwambia, "ukikubali niko na kitu ya kukuambia juu ya kube." Akakubali. Nikamweleza kwamba kube, kile kidonge cha kukoleza mchuzi, nayo ni chumvi sana, na OMS (Shirika la Afya Duniani) inasema mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, karibu kijiko kimoja kidogo cha chai, na ndani ya hiyo hesabu yanaingia makayabu, kube, na ile chumvi ya kunyunyizia kwa sahani. Bugali yenyewe haina chumvi, yote inatoka kwa mboga. Kisha nikamrudishia: "wewe unaona aje?"

"Basi kube niache, chumvi kidogo ibakie, bwana hatajua. Na makayabu nitaiweka mu maji usiku, asubuyi nibadilishe maji, nipike bila kuongeza chumvi."

Mimi nisingefika kwa ile ya bwana hatajua. Ni yeye anajua jiko yake.

Kuko mahali mazungumzo haya hayatoshi na lazima tuseme wazi. Mtu anayekunywa pombe kali toka asubuhi, akikosa anatetemeka na kutoka jasho, usimwambie aache ghafla kesho, anaweza kupata degedege na hata kufa, huyo anahitaji dokta na dawa. Mwenye kuruka dawa ya tansio juu hana franga, maneno matamu hayatanunua dawa, hapo unatafuta naye dawa ya bei ya chini, ao unaongea na wa nyumbani. Na kumwambia mama anayepanda milima ya Kadutu na mzigo kwa mgongo kila siku kwamba afanye spoti ni kumkosea adabu.

Akikataa je? Wengine wanakataa kabisa, papa mmoja aliniambia "pombe yangu usiiguse, mwana yangu." Nikamwambia "nimesikia papa, ni uamuzi yako, mi niko na wasiwasi na ini yako, siku utataka tuongee mlango iko wazi." Sikuongeza kitu. Nikaandika kwa fishi yake: pombe, hayuko tayari, kumuuliza tena. Akarudi baada ya miezi mitatu kwa shida ya mgongo, nikapima, nikaandika dawa, kisha nikamuuliza kama naweza kugusia ile kitu ya siku ile. Akacheka kidogo, akavuta kiti karibu.