Utata si fumbo

Ukimwagiza mtu wa Lamu akununulie mbuzi, huenda akakuuliza: wa kuchinja au ya kukunia nazi? Huo ni utata katika umbo lake dogo, yaani neno moja kubeba maana mbili. Sentensi nzima nayo huweza kuwa na utata. "Amenisomea barua" yaweza kuwa amenisaidia kuisoma, au ameifungua barua yangu bila ruhusa akajua siri zangu. Utata wa namna hii hautusumbui sana, kwa sababu muktadha huumaliza. Nazi ikiwa imeshapasuliwa, hakuna atakayekuletea mnyama.

Utata wa riwaya ni jambo jingine. Hapo mwandishi huuziba muktadha makusudi. Hakwambii mji ni upi, mwaka gani, wala kama msimulizi yuko macho au anaota. Unabaki na tafsiri mbili tatu, kila moja ina ushahidi wake, na hakuna inayoweza kuifukuza nyingine.

Tulilionja hili barazani Langoni, mtaa wetu hapa Lamu, tulipojaribu kusoma Nagona ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1990. Mwandishi huyohuyo ndiye aliyeandika Rosa Mistika mwaka 1971, kitabu ambacho hakuna aliyewahi kulalamika kuwa hakielewi. Ami yetu, mwalimu mstaafu, aliifunga Nagona kwa kishindo. "Mwanangu, chuo (yaani kitabu) chembamba hichi kimenishinda! Huyo Nagona ni nani? Jawabu iko ukurasa gani?"

Swali hilo la ukurasa ndilo lililonifumbua macho. Sisi tumelelewa na mafumbo. Mwanzoni mwa karne ya 19, Lamu na Mombasa zilipokuwa na uhasama, Bwana Zahidi Mngumi wa huku na Muyaka wa kule walirushiana mashairi ya mafumbo, na kila upande ulijua umetukanwa nini. Fumbo lina mwenyewe, na mwenyewe ana jibu. Tena tunasema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Kwa hiyo asiyeligangua anajiona amewekwa upande wa wajinga, na nadhani hasira za Ami zilitoka hapo, hazikutoka kitabuni. Alikuwa akitafuta ufunguo wa mlango usio na kufuli.

Si kwamba kila tafsiri inafaa. Kijana mmoja pale barazani alishikilia kuwa riwaya inahusu bandari yetu mpya (kitabu cha 1990, jamani!). Tukamuuliza ni sentensi gani iliyompeleka huko. Hakuwa nayo. Tafsiri isiyoweza kuonyesha maneno iliyoyashika ni ndoto ya msomaji tu.

Wala si kila kitabu kigumu kina utata. Kuna mkanganyiko pia: mwandishi kasahau alichokisema sura ya pili, au hajui anachotaka. Mimi hutazama vitu vinavyojirudia. Taswira ikirudi mara tatu, kila mara katika hali inayoigeuza kidogo, kuna mkono unaoiongoza. Ikitokea mara moja na kupotea, naanza kumshuku mwandishi kabla sijajishuku mwenyewe.

Mwaka uliofuata Kezilahabi alitoa riwaya nyingine, akaiita Mzingile, jina la njia zinazozungukana hadi mtu apotee. Mgeni hupotea vivyo hivyo katika vichochoro vya Mkomani, mtaa mwingine wa huku Lamu, ila huko tunamwambia afuate mteremko, atatokea baharini. Katika riwaya za aina hii mteremko haupo. Unasoma polepole, unaweka alama, unarudi nyuma, na unavumilia kubeba maana mbili kwa wakati mmoja bila kulazimisha moja ishinde.

Ami alikiazima tena kitabu, na juzi amekirudisha. Pembeni mwa ukurasa mmoja ameandika kwa penseli "ndoto". Amelikata neno hilo, akaandika "macho". Chini yake ameandika tena "ndoto", na safari hii hakukata kitu.