Fanac ya Uswidi: yanayosemwa na yaliyokuwa

Ukitaja Fanac mbele ya wapenzi wa hadithi za kubuni za kisayansi, wengi watakujibu kwamba hicho ni kijarida cha Marekani. Wamesema nusu. Fanac ya Marekani ilianza Berkeley, California, mwaka 1958, mikononi mwa Terry Carr na Ron Ellik, na mwaka 1959 ikapata Tuzo ya Hugo, tuzo ya hadithi za kubuni za kisayansi, kama fanzini bora, yaani kijarida kinachotolewa na mashabiki wenyewe. Ya pili, yenye jina lilelile, ilikuwa ya Uswidi. Iliandikwa kwa Kiswidi na ilikuwa na wahariri wake na wasomaji wake. Jina ni kifupisho cha mashabiki wenyewe cha maneno ya Kiingereza fan activity, maana yake shughuli za ushabiki. Kila mara hizo mbili zinapochanganywa, ni ile ya Uswidi inayomezwa, na kwangu hiyo ni hasara.

Dhana nyingine ni kwamba Waswidi walizijua hadithi hizi kupitia sinema za Marekani. Kumbe Mswidi Otto Witt alianza kutoa jarida lake la hadithi hizo, Hugin, mwaka 1916, akaliendesha hadi 1920 huku sehemu kubwa akiiandika mwenyewe. Amazing Stories ya Hugo Gernsback ilitoka Marekani Aprili 1926, miaka kumi baadaye. Wapo wanaoiita Hugin jarida la kwanza la aina hii duniani. Mimi siendi mbali hivyo, maana ndani yake hadithi zilichanganyika na makala za kusifu sayansi na uvumbuzi, na mara nyingine huwezi kujua moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Lakini hamu ilikuwapo. Oktoba 1940, vita vikiwa vimeizunguka nchi, likatoka Jules Verne-Magasinet, jarida la kila wiki lililojaa hadithi zilizotafsiriwa kutoka majarida ya Kimarekani.

Hata hivyo, wasomaji wengi si lazima wawe mashabiki walioungana. Muungano ulikuja na Häpna!, jarida lililoanza kutoka Jönköping mwaka 1954. Jina lake ni amri: staajabu! Waliolisoma wakaanza kutafutana. Mwaka huohuo Club Cosmos ikaanzishwa Gothenburg, na klabu hiyo ingali hai. Mwaka 1956 mashabiki wakakutana Lund katika kongamano lao la kwanza, na mwaka 1959 kikaundwa Stockholm chama cha Skandinavisk Förening för Science Fiction.

Hapa ndipo watu wanapoteleza zaidi: wanadhani Häpna! na Fanac ni vitu vya aina moja, kimoja kikubwa na kingine kidogo. Sivyo. Häpna! ilikuwa biashara, ikiuzwa kwa yeyote mwenye sarafu. Fanzini ilitengenezwa nyumbani na ikasafiri kwa posta kwa watu waliofahamiana, au waliotaka kufahamiana. Mara nyingi haikuhitaji hata fedha. Uliipata kwa kumwandikia mhariri barua ya maoni, kwa kumpa makala, au kwa kumtumia fanzini yako naye akutumie yake. Anayeihesabu kama biashara iliyoshindwa anapima kitu kwa mizani isiyo yake.

Kazi yake wanaielewa wote waliosoma shule zetu enzi za mitihani ya saiklostaili. Unaondoa utepe kwenye taipureta ili herufi ziipasue nta ya stensili. Ukikosea, unapaka dawa ya kuziba, unasubiri ikauke, unapiga tena. Kisha stensili inafungwa kwenye mashine, wino unapita kwenye vile vitundu, nakala zinatoka moja moja. Bado kuzipanga, kuzibana pini, kuandika anwani na kubandika stempu. Mtu aliyefanya hayo usiku, baada ya kazi ya mchana, bila malipo, simwiti mtoto anayecheza.

Na habari zenyewe? Asiyewahi kushika kijarida cha aina hii hudhani kilihusu roketi na sayari. Kilihusu watu: nani amehama na anwani yake mpya, kongamano lijalo litakuwa wapi, fanzini gani imetoka, nani amegombana na nani juu ya uongozi wa chama. Mtu wa mji mdogo wa kaskazini, ambaye huenda mtaani kwake hapakuwa na mwingine wa kuzungumza naye hadithi hizo, alijua kupitia kurasa chache kwamba hayuko peke yake. Ndiyo maana wanahistoria wanaotafuta maoni juu ya vitabu tu humo ndani wanakosa jambo kubwa.

Imebaki dhana inayomhusu Stieg Larsson, yule mwandishi Mswidi ambaye riwaya zake za upelelezi zilitoka kuanzia 2005 naye akiwa amekwisha kufariki Novemba 2004. Huonekana kama mwanahabari aliyezuka ghafla kuwa mwandishi. Kumbe mwaka 1972 alikuwa tayari anatoa fanzini yake ya kwanza, Sfären, pamoja na Rune Forsgren, na humo akaweka hadithi zake za mwanzo. Mwaka 1977 alikuwa Eritrea, akiwafundisha wapiganaji wanawake wa vita vya ukombozi kutumia mizinga midogo ya kurushia makombora (mortar), mpaka maradhi ya figo yakamrudisha kwao. Mwaka 1978 akashika Fanac, na mwaka 1980 akawa mwenyekiti wa chama cha Stockholm.

Kwa hiyo wengine sasa wanasema Fanac ni kijarida cha Larsson. Hakukianzisha, alikikuta. Wala hakukihariri peke yake: mwaka 1978 na 1979 kilikuwa kazi yake na mwenzi wake, Eva Gabrielsson, wakiifanya pamoja.